Japosta na Fahali Aliyengoja Simu

Krrr-shiii, piii-papa, ngong, ngong, halafu shhhhh ndefu kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji. Mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo nilidhani mzee amekabwa na mwiba wa samaki, ngege. Niliacha taipureta, nikamkimbilia, nikampiga ngumi ya mgongo kwa nguvu zangu zote.

"Nyathina," akasema alipopata pumzi, "mwanangu, huku si kukabwa. Hii ni modemu."

Alikuwa anaiigiza, hiyo mashine ya kupitisha barua za kompyuta kwenye waya wa simu. Aliisikia mara moja tu, Kisumu, kwenye ofisi ya rafiki yake, akarudi nayo mdomoni hadi Migori kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Alitaka niijue mapema, ili siku mashine yake itakapoitoa nisije nikaipiga ngumi nayo.

Mji mzima ulimwita Japosta, yaani mtu wa posta. Alikuwa mpiga telegrafu Homa Bay mpaka telegrafu zikakosa watu, ndipo akaja Migori akafungua ofisi ya kuandikia watu barua: taipureta mbili, benchi moja, na mimi. Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha pili, na ndoto yangu ilikuwa kusoma habari redioni. Wateja wasipokuwepo niliwasomea kuku wa jirani habari za dunia. Japosta hakunicheka. Alinisahihisha tu: "Pumua kabla ya kutaja nchi. Kuku wanachanganyikiwa."

Masikio yake yalikuwa na sifa kuliko yeye mwenyewe. Aliweza kushika waya wa simu kwa vidole viwili, akainamisha kichwa, akasema, "Mvua iko Rongo." Watu wakatoka nje kutazama upande wa Rongo. Mara mbili alisema kweli. Mara ya tatu mvua ilitunyeshea sisi, naye akasema ile ya Rongo imetembea.

Wateja wetu wengi walikuwa wachimba dhahabu wa Osiri, wanaingia weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga. Mmoja alituambia tumwandikie mkewe neno moja: "Nimepata."

"Umepata nini?" nikauliza.

"Andika tu nimepata. Atajua."

Japosta aliandika hivyo hivyo, nukta, akaenda kuosha mikono. Mimi roho iliniuma. Mwanamke amekaa Kisegi miezi yote hiyo, halafu apate neno moja kama vile anadaiwa? Nikarudisha karatasi kwenye taipureta, nikaongeza: "Salamu tele, mpenzi wangu."

Wiki ya pili yule mke alifika mwenyewe kutoka Kisegi, barua mkononi, kanga imefungwa kiunoni kwa vita. "Mume wangu hana hilo neno," akasema. "Miaka kumi na moja sijalisikia. Nataka kumwona mwanamke aliyemwandikia." Mwanamke huyo alikuwa chini ya meza.

Japosta alimaliza kesi, akafunga mlango, akaniambia ile sheria yake ambayo baadaye nilimsikia akiisema mara mia: "Neno la mtu halitiwi chumvi. Aliyesema, amesema. Sisi ni waya."

Kuhusu wizi alikuwa mkali zaidi ya hapo. Laptopu yake aliachiwa na mwalimu mmoja mzungu wa shule ya kanisa lao, aliyekuwa anarudi kwao, na mfumo wa kuiendesha uliokuwa ndani, ule wa kununuliwa dukani, ulikuwa umenakiliwa bila kulipiwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu. Japosta aliufuta siku hiyohiyo.

"Amri ya nane," akasema. "Usiibe."

"Ya saba," nikasema. Sisi Wakatoliki tunazihesabu kwa njia yetu, naye alikuwa Msabato.

"Ya nane, nyathina."

"Saba, Mzee."

"Basi tukubaliane hatuibi. Namba tutaulizia mbinguni."

Badala yake akaweka Linux, mfumo ambao wenyewe wameutoa bure, anayetaka aufungue, aukague, aurekebishe. Jambo hilo lilimfurahisha kama mtoto. "Wameacha mlango wazi na jiko linawaka," alikuwa akiwaambia wachimba dhahabu, nao wakitikisa vichwa kwa adabu. Na mtu huyohuyo, kila asubuhi akipita kwa Mama Agrovet, jirani yetu mwenye duka la dawa za mifugo, alitia mkono kwenye kopo lake la njugu bila kuomba. "Nakagua," alisema. Mama Agrovet, Mkuria asiyekuwa na haraka na lolote, alimjibu bila kuinua macho: "Kagua, Japosta. Mwaka wa tatu huu, ripoti sijaona."

Tatizo lilikuwa modemu. Haikuwa ile ya kisanduku cha nje, ambayo haikupatikana Migori wala Kisii. Ilikuwa imejengwa ndani ya laptopu, ndogo kama biskuti. Japosta alinieleza kwamba modemu ya nje ina akili yake, lakini hii ya ndani ni tarumbeta isiyo na mapafu. Mfumo wa dukani ndio uliokuwa ukiipulizia. Linux iliikuta imelala pale, ikaitazama, ikaendelea na shughuli zake. Ilitakiwa programu ndogo ya kuipulizia, wenye kazi wanaiita dereva, na dereva huyo kwa Linux hakuwepo bado. Japosta akaanza kumngoja, na kila alipojaribu kupiga simu mashine ililalamika kwa mistari kumi ya Kiingereza ambayo aliinakili yote kwenye daftari kwa mwandiko wa posta.

Ungedhani ni ubishi wa mzee tu. Lakini kulikuwa na fahali.

Japosta alikuwa na dada yake kisiwani Rusinga. Mwana wa pekee wa dada huyo alikwenda masomoni Ukraine, na kabla ya kuondoka aliacha ndama dume na neno moja: "Huyu asiguswe mpaka niseme." Neno la mwenye mnyama halirukwi, hata na mama. Mwaka wa kwanza kijana aliandika. Wa pili alituma picha amesimama kwenye theluji, nyuma yake ameandika anwani ya barua pepe. Kisha kimya, miaka minne. Barua za posta zilirudi zimejaa mihuri. Rafiki wa Kisumu alijaribu kutuma mara moja kwa niaba yetu, wala hakuna aliyejua kama anwani aliinakili sawasawa. Japosta alisema ujumbe usioutuma kwa mkono wako ni uvumi.

Ndama naye hakungoja. Alikuwa fahali mwenye shingo kama gunia la mahindi, akavunja ua wa kanisa, akala mtama wa majirani, akamalizia na sketi ya mke wa chifu iliyokuwa kwenye kamba. Chifu akatoa amri: masika yakiisha, fahali awe ameuzwa au amechinjwa, la sivyo atamkamata. Watu walibishana sana kama fahali anaweza kukamatwa, lakini hakuna aliyetaka kuona.

Kila mwezi dada alikuja Migori na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, akakaa mbele ya laptopu kama aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Imesema?"

"Bado," anajibu Japosta.

"Ng'ombe anauliza."

Hakusema hata siku moja kwamba ni yeye anayeuliza, wala anauliza nini. Mama ambaye hajui kama mtoto wake anapumua, alisema ng'ombe. Nasi tukasema ng'ombe.

Sasa nieleze Sabato. Ijumaa jua likishuka, Japosta aliifunika laptopu kwa kitambaa cheupe alichofumiwa na dada yake, chenye maua kwenye pembe nne, taratibu kama mtu anayefunika mkate. Hakuigusa tena mpaka Jumamosi jua lizame. Mimi Jumapili nilitoka misa ya kwanza nikaja moja kwa moja kazini, kwa sababu kwake Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne. Nililalamika kidogo. "Mungu alianza kuumba Jumapili," alinijibu, "wala hatukusikia akilalamika." Isitoshe, laini ya simu ilikuwa ya Mama Agrovet, naye alituazima waya dukani kwake kukiwa kumefungwa tu: kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili saa kumi na moja. Hakuna siku nyingine.

Mwezi wa kwanza, baada ya Krismasi, mambo mawili yalitokea kwa wiki moja. Kwanza, rafiki wa Kisumu alileta disketi: dereva amepatikana. Pili, laptopu, iliyokuwa imelala sikukuu yote bila stima mpaka ikasahau hata tarehe, iliuliza leo ni lini. Japosta alikuwa anatafuta miwani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeijibu.

Japosta alimweka dereva. Halafu, kabla ya kujaribu, akakaa siku nzima akiandika sheria. Alitaka mashine ipige simu yenyewe saa zake, na aliogopa isije ikapiga siku ya Sabato yeye akiwa kanisani anaimba. Kwa hiyo aliiandikia kwamba kila ikiambiwa piga, ijiulize kwanza kama ni Sabato. Ikiwa ni Sabato, inyamaze.

"Isiseme hata kwamba imekataa?" nikauliza.

"Mtu aliyepumzika hazunguki akitangaza amepumzika."

"Na tuijaribu hiyo sheria?"

"Sheria haijaribiwi, nyathina. Inatiiwa."

Jumamosi hiyo, jua lilipozama, tukachomeka waya, akabonyeza. Kimya. Haikulalamika hata mstari mmoja. Jumapili, kimya. Wiki iliyofuata, kimya. Miezi mitatu Japosta alimtoa yule dereva na kumrudisha mara saba. Alifungua laptopu akapuliza vumbi. Aliimba ile krrr-shiii karibu kabisa na mashine, polepole, kama unavyomfundisha mtoto kusema mama. Mama Agrovet alitoa kichwa dirishani akauliza kama tunafuga mbuzi, na kama ndiyo, ana dawa ya kikohozi.

Masika yakaanza kwisha. Japosta akaacha hata kukagua njugu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kisha Jumatano moja Mama Agrovet alifunga duka kwenda matanga Kehancha, akatuachia waya bila kuulizwa. Japosta alibonyeza bila matumaini, na mashine ikaimba. Krrr-shiii, piii-papa, ngong. Ilikuwa ileile ya mdomoni mwake, ila yake ilikuwa na ngong moja zaidi. Tukashikana mikono. Stima ikapotea.

Jumapili dada alikuwepo na kikapu chake. Tulimweleza muujiza wa Jumatano, akavua viatu kabisa. Japosta akabonyeza. Kimya.

Nilikuwa nimetoka misa, nimechoka, nina njaa, na nilitaka tu mtu acheke. Nikasema, "Labda imekuwa Mkatoliki, Japosta. Jumatano inachapa kazi, Jumapili inapumzika."

Hakucheka. Kisha akageuka, akaandika neno moja kwenye mashine, akasogeza miwani.

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili, Mzee."

"Hii inasema Jumamosi." Akasogea karibu zaidi. "Tarehe ni ya leo. Mwaka ni ule uliopita." Akavua miwani. "Nani aliiambia mwaka?"

Mnajua ilivyo mwezi wa kwanza. Mkono bado uko mwaka uliokwisha. "Mimi," nikasema.

Tarehe ileile, mwaka mmoja nyuma, huangukia siku moja nyuma. Kwa hiyo mashine ya Msabato ilikuwa ikiitunza Sabato kwa uaminifu kabisa, kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni, saa zilezile tulizoazimwa waya. Miezi mitatu tulikuwa tunamfukuza dereva kazi kwa kosa la kumtii Mungu.

"Tumshukuru Bwana," akasema Japosta, "kwamba hukuajiriwa telegrafu." Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mabega, bila sauti, mpaka dada yake akauliza kama na hiyo ni modemu.

Akarekebisha mwaka. Mashine ikaimba, ikapokelewa, ikatulia. "Sema," akamwambia dada yake, vidole juu ya herufi.

Dada alifikiri sana. "Andika: ng'ombe anauliza."

"Anauliza nini?"

"Auzwe au akae."

"Na nini kingine?"

Dada akatazama kikapu chake. "Basi. Mama."

Japosta aliandika: NG'OMBE ANAULIZA AUZWE AU AKAE STOP MAMA. STOP ndiyo nukta ya telegrafu. Nilimwambia kwamba barua pepe hailipiwi kwa neno, anaweza kuandika hata ukurasa. Alisema maneno ya ziada ni uchafu, na uchafu haupungui kwa kuwa bure.

Jibu tulilikuta Jumapili iliyofuata. Japosta alilisoma, akalisoma tena, akaniachia kiti nisome mwenyewe. Hapakuwa na salamu wala jina. Yalikuwa maneno mawili:

Ng'ombe gani?

Mama Agrovet alikuja kuchukua waya wake, akasoma juu ya bega langu, akasema kitu kwa Kikuria ambacho sikuhitaji kutafsiriwa.

"Umwambie amesalimu," nikamwambia Japosta. "Salamu tu, Mzee. Salamu ni maneno ya watu wote."

"Hakusalimu."

"Ni mama yake."

"Najua ni mama yake. Ni dada yangu." Aliinakili ile barua kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Usiku huo, aliniambia baadaye, aliitoa mara nyingi, na kila mara akashika kalamu. Miaka thelathini ya waya, na hajawahi kutamani chumvi namna hiyo.

Alinichukua twende wote Rusinga, nadhani ili pawe na mtu wa kulia. Dada alitupokea uani. Fahali alikuwa nyuma ya jiko anatafuna kamba yake mwenyewe. Japosta hakukubali kukaa. Alivua kofia, akasimama wima, akasoma kwa sauti ya posta:

"Kwa Mama. Kutoka kwa mwana. Ng'ombe gani. Mwisho."

"Rudia," akasema dada.

Akarudia.

"Hakusalimu?"

"Hakusalimu."

"Hakuuliza hali yangu?"

"Hakuuliza."

Dada akashuka taratibu akakaa chini, akajifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika. Mimi nikaanza kulia hapohapo, kazi niliyoletewa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakalowanisha leso.

"En owuon," akasema. "Ni yeye mwenyewe. Huyo ndiye niliyemzaa. Mtu mwingine angeandika kwa adabu." Akanitazama mimi, si Japosta. "Mngeniletea salamu, ningejua mwanangu alishakufa na mnaniandikia ninyi."

Sikuwa na pa kuweka macho. Japosta alivaa kofia yake polepole, kama mtu aliyepona.

Dada akainuka, akaenda mpaka kwa fahali, akamshika pembe. "Umesikia? Mwenyewe hakujui. Basi tangu leo u wangu." Na kwa kuwa sasa alikuwa wake, alikataa kabisa kumuuza. Alimpeleka chifu sketi mpya, akamfunga fahali kwa kamba mbili. Japosta alitoka Rusinga amekasirika: miezi yote ile ya modemu, na ng'ombe yuko palepale.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Homa Bay, karibu na mwisho wa mwaka uleule. Alikuwa amefunga ofisi ya Migori akarudi kwao, sikio la kushoto limeacha kazi, akaligeuza la kulia kila niliposema. Mama Agrovet alikuwa amenipa kona ya duka lake niandikie watu barua, na waya wa simu siku yoyote. Nilimletea kopo la njugu kutoka kwake. Alilifungua, akala tatu, akasema, "Mwambie ripoti ni nzuri."

Kisha akanipa laptopu, imefungwa ndani ya kile kitambaa cha maua. Nilikataa kama inavyopasa, mara mbili. Akanipa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ujumbe wa dada yake kwa mwanawe, nikautume. Aliniangalia nikiusoma: NG'OMBE AMEKUFA STOP NYAMA NGUMU STOP NJOO UONE NGOZI STOP MAMA.

"Usitie chumvi," akasema.

"Sitii, Mzee."

"Na uweke mwaka sahihi."

Nilifika Migori Jumamosi usiku. Jumapili baada ya misa nilifungua duka la Mama Agrovet kwa ufunguo wangu, nikachomeka waya, nikabonyeza. Kimya. Nikatazama tarehe: sahihi, mwaka sahihi, Jumapili. Nikamtazama dereva: yupo. Mwisho nikafungua ile sheria ya Sabato, nikasoma mstari kwa mstari jinsi alivyonifundisha. Chini ya Jumamosi palikuwa na mstari mwingine, mpya, na juu yake Japosta ameandika maelezo kama mtu anayelipia kila neno:

NA JUMAPILI PIA STOP MTOTO AMECHOKA STOP

Kufuta mstari ule ni kazi ya kidole kimoja. Nilisoma tena. Kisha nikaizima mashine, nikaweka ujumbe wa ng'ombe juu yake uwe wa kwanza Jumatatu, nikakunjua kitambaa cheupe nikavifunika vyote viwili, nikinyoosha maua ya pembe moja baada ya nyingine.